Swali la Bahasha ya Njano

Makofi yalitangulia. Kioo kilikuwa bado cheusi, kikirudisha sura zetu sisi wenyewe tuliokaa mbele yake, na ndani ya weusi ule watu tusiowaona walikuwa wakipiga makofi. Televisheni ya jirani yetu Mama Aika ilikuwa ya namna hiyo: sauti kwanza, picha baadaye. Watu wazima walisema ni ugonjwa wa taa ya ndani. Mimi niliamini kwamba watu waliomo humo walikuwa bado wanavaa, na kwa adabu wametuzimia taa mpaka wamalize.

Nimeyakumbuka makofi hayo mwaka huu, tulipokuwa tunapanga vitu vya baba baada ya msiba. Chini ya kitanda chake tulikuta sanduku la bati, na ndani ya sanduku madaftari ya mvua yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Yalitoa harufu ya karatasi iliyokaa miaka mingi karibu na mafuta ya taa. Nilifungua moja, nikakutana na sifuri. Sifuri siku ya kwanza, sifuri siku ya pili, ukurasa mzima wa sifuri zilizoandikwa kwa utulivu, kila moja na tarehe yake. Mtu asiyeijua Dodoma angedhani ni daftari la mwanafunzi aliyefeli kila somo. Mimi niliketi sakafuni nikalisoma kama barua, mpaka nikafika mahali ambapo mwandiko wa baba unakoma na wa dada yangu Foibe unaanza, na mistari michache chini yake, mwandiko mwingine mkubwa, uliopinda, unaotoka nje ya mstari. Huo ulikuwa wangu.

Baba alikuwa msaidizi wa bwana shamba. Alikaa Haneti miaka mingi kabla sijazaliwa, kisha akahamishiwa mjini, kwenye shamba dogo la majaribio, tukapewa nyumba ya vyumba viwili ndani ya ua wa shamba hilo. Mbele ya nyumba, ndani ya uzio wa waya, palikuwa na kipima mvua: mkebe mrefu wa chuma, mdomo wazi kuelekea mbinguni, na chupa ndani yake. Kila siku saa tatu kamili asubuhi baba aliingia ndani ya uzio, akamimina maji ya chupa kwenye bilauri yenye mistari, akaiinua hadi usawa wa jicho, akaandika. Kama maji hayakuwemo, alifanya vilevile. Aliigeuza chupa, akangoja tone lisilokuja, akaandika sifuri.

Kisha ofisi ikapunguza watu, na baba akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kikihama mikono. Viwanda viliuzwa, maduka ya ushirika yakawa ya mtu mmoja, sabuni zikaja za rangi tano na majina ya kizungu. Wakaja kuchukua baiskeli ya kazi, pampu ya dawa na stuli mbili. Kipima mvua hawakukikumbuka, na nyumba hakuna aliyekuja kuidai. Baba akaanza kwenda vibarua, lakini hakuondoka kabla ya saa tatu. Mama alimwuliza siku moja sasa anamwandikia nani, naye akajibu kwamba mvua yenyewe haijapunguzwa kazi.

Foibe alikuwa kidato cha nne. Alinizidi miaka kumi, na kati yangu na yeye hapakuwa na mwingine, kwa hiyo alikuwa kwangu nusu dada na nusu kitu kingine ambacho sikukipatia jina. Siku za likizo ndiye aliyesoma kipima mvua, na baba alisimama nje ya uzio mikono nyuma, kama mzazi anayemsikiliza mtoto wake akiimba kanisani. Kwa masomo hakuwa na mwenzake shuleni kwao. Tatizo lilikuwa moja tu, na hata mimi nililijua: nafasi za serikali za kidato cha tano zilikuwa chache kuliko watu waliozistahili, na zile shule za watu binafsi zilizokuwa zikichipuka kila mji, ada zake baba alizisikia kwa majirani tu.

Hapo ndipo yalipokuja mashindano ya maswali na majibu, yakiletwa kwenye televisheni na kampuni ya sabuni. Kila shule ilitoa wanafunzi watatu, na kampuni iliahidi kuwasomesha washindi kidato cha tano na cha sita, shule yoyote watakayoitaka. Foibe alichaguliwa kuwa kiongozi wa kundi la shule yao. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu palikuwa na kengele. Mimi nilikalia ndoo iliyopinduliwa, kitabu cha jiografia cha darasa la tano magotini, kijiko mkononi na mfuniko wa sufuria pembeni. Nilisoma maswali kwa kukwamakwama, na yeye, akiosha vyombo au akipepeta mtama, alijibu kabla sijafika mwisho. Akipata niligonga mfuniko mara moja. Akikosa, mara mbili. Mara mbili nilizigonga kwa nadra sana hadi nikawa natamani akosee kidogo, kwa ajili ya kelele tu.

Walikwenda Dar es Salaam kurekodi, wanafunzi watatu na mwalimu wao. Waliporudi, Foibe alishuka kwenye basi akiwa na miguu iliyovimba na fulana yenye jina la sabuni. Alimwamkia baba, akamwamkia mama, akaomba maji. Mama alimwuliza imekuwaje. Akasema kipindi kitaonyeshwa baada ya wiki tatu, na kwamba wote wamesainishwa karatasi wasiseme lolote mpaka siku hiyo.

"Hata kwa wazazi?" mama akauliza.

"Hata kwa wazazi. Mtaona wenyewe."

Baba akasema karatasi ikishasainiwa imesainiwa, na hakutaka aulizwe tena. Mama, aliyekuwa na namna yake ya kusoma mambo, alikwenda jikoni akacheka peke yake. Alituambia baadaye kwamba mtu aliyeshindwa huanza kusimulia akiwa bado stendi, anayenyamaza ana sababu. Jirani zetu waliikubali hesabu hiyo. Mimi pia.

Wiki zile tatu ndizo ninazozitamani hadi leo. Ilikuwa kiangazi, ule wakati ambapo upepo wa Dodoma unaingia kila mahali, vumbi linakaa juu ya maji ya kunywa, na asubuhi ni baridi hadi mtu anaogopa kuigusa bilauri. Foibe alikuwa likizo na hakuniachia mkono. Alinisuka nywele, akazifumua, akanisuka tena mtindo mwingine. Alinipeleka sokoni na kunirudisha kwa njia ndefu. Alinifundisha kusoma kipima mvua, na kwa kuwa mvua haikuwepo, alichukua birika akamimina maji ndani ya mkebe kutoka juu, kidogokidogo, huku akipuliza kwa mdomo sauti ya upepo.

"Haya, imenyesha kiasi gani?"

Nililala kifudifudi juu ya udongo ili jicho liwe sawa na maji ndani ya bilauri. Nikasema milimita kumi na mbili.

"Tazama pale maji yalipobonyea, siyo pale yalipopanda ukutani."

Kumi na moja, basi. Aliridhika. Nikashika kalamu kuandika, akanishika kifundo cha mkono, si kwa ukali, akasema hiyo haiandikwi. Hiyo ni mvua ya birika. Akanielekeza niandike sifuri, na nikaandika, kubwa, iliyopinda. Niliona fahari nyingi. Nilidhani ananifundisha kwa sababu washindi huenda shule za mbali na mtu fulani lazima abaki na kazi yao. Kwamba mtu anaweza kujua jambo baya wiki tatu nzima, akalilaza karibu yake kama mtoto mchanga, akaamka nalo, akamsuka mdogo wake nywele juu yake, hilo sikulifikiria. Nilikuwa na miaka saba.

Siku ya kipindi ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja jioni, jua bado kali. Mama Aika alifunga mapazia ili kioo kionekane. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi za Bunge, mtu wa Marangu, mwenye sauti ya juu na moyo mwepesi, na kila aliyetaka kuangalia aliingia. Mama alikuja na karanga za kuchemsha. Baba alivaa shati lake la kanisani. Mzee Mjelwa, mlinzi wa shamba letu, ambaye kwa kawaida aliiita televisheni redio yenye dirisha, aliletewa kiti cha mbele. Foibe alikaa mkekani ukutani, nami nikakaa kati ya magoti yake.

Basi makofi yakaja, na polepole, kutoka katikati ya weusi, ukatokea mwanga mdogo uliotanuka, na ndani yake alikuwemo Foibe. Alikaa nyuma ya meza ndefu, nywele zimechanwa, mikono miwili juu ya meza. Nyumba nzima ikashusha pumzi. Niligeuka nikamtazama wa mkekani, nikarudi nikamtazama wa kwenye kioo. Sikushtuka. Watoto hawashtuki kirahisi. Nilipanga tu kichwani mwangu kwamba huyu wa huku na yule wa kule ni mtu mmoja, na kwamba yule hajajibu bado, na kwa hiyo huyu ana nafasi ya kumsaidia.

Duru ya kwanza kila shule iliulizwa kwa zamu. Ya pili ilikuwa ya kengele, na humo wenzao wa Dar es Salaam waliwazidi, maana wao walikuwa na televisheni majumbani mwao na walijua kwamba unaruhusiwa kubonyeza kabla swali halijaisha. Foibe na wenzake walingoja mtu mzima amalize kusema, kama walivyolelewa. Mzee Mjelwa alisikitika. Alisema wale watoto wa pwani wanamkatiza mtu mkubwa na wanapewa alama kwa ajili hiyo. Lakini kidogokidogo Foibe alizoea, akaanza kubonyeza, na duru ilipoisha walikuwa sawasawa.

Ikabaki ya mwisho. Kila shule itoe mtu mmoja, achague bahasha moja, ajibu swali lililomo. Msichana wa upande wa pili alichagua ya bluu. Aliulizwa mlima mrefu kuliko yote Afrika, akataja, na Mama Aika akapiga vigelegele kidogo kwa ajili ya mlima wa kwao, kisha akajiziba mdomo. Foibe akachagua ya njano. Mtangazaji, kijana mtanashati mwenye tai, akaipasua na kusoma: nchi yetu hupata misimu mingapi ya mvua kwa mwaka?

Nikahisi magoti ya Foibe yakibana mabega yangu.

Baba alitabasamu. Nadhani lilikuwa tabasamu la mwisho la namna ile nililomwona nalo. Katika maswali yote duniani, mwanawe ameulizwa la mvua.

Kwenye kioo Foibe alisema, "Kwetu Dodoma..."

"Nahitaji namba tu," mtangazaji akasema, kwa upole kabisa. "Jibu fupi."

Sasa, swali hilo nililijua. Lilikuwa ndani ya kitabu changu. Jioni moja kabla hajasafiri nilimwuliza nikiwa juu ya ndoo, akasema mbili, vuli na masika, nikagonga mfuniko mara moja. Na alipokawia kule ndani ya kioo nikaona amesahau. Nikageuka, nikamvuta sketi yule wa mkekani, nikamnong'oneza kwa nguvu, kama watoto wanavyonong'ona, watu wote wakasikia:

"Sema mbili, dada. Kama ulivyoniambia mimi. Sema mbili."

Wa mkekani akanigeuza uso kuelekea kioo. Wa kwenye kioo akainua uso, akasema, "Moja."

Ukalia mlio mnene wa kukosa, kama honi ya lori. Mtangazaji akasema samahani, jibu sahihi ni mbili, vuli na masika. Makofi yakapigwa kwa ajili ya wengine.

Kisha Mzee Mjelwa akauliza ni nani aliyewaambia mbili. Mama Aika, akijaribu kuwa mpole, akasema ni kweli ni mbili, hata kwao Marangu ni mbili.

"Basi ni za Marangu," mzee akasema. "Sisi hapa vuli tunaisikia redioni. Mvua yetu inatoka Desemba, inafika Aprili, imekwisha, unangoja mwaka. Mimi na mvi hizi sijanyeshewa ya pili."

Mama Aika akasema kitabu cha serikali kimeandika mbili. Mzee akasema basi kitabu hicho kinyeshe. Watu wakacheka, wakagawanyika, wenyeji wa Dodoma upande mmoja na waliohamia na ofisi upande mwingine, na ikawa kelele ya kirafiki, ile ya kumfunika aliyeumia asionekane. Baba hakucheka. Alisimama, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mtoto amejibu sawasawa, na kwamba atawaandikia barua, atawapelekea madaftari yote, Haneti na mjini, wakahesabu wenyewe. Aliposema "mtoto" sauti yake ilijaa. Niliona mama akimtazama kwa namna ambayo leo ningeiita wivu, kana kwamba mtoto alikuwa wa baba peke yake.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado halijazama. Baba alikaa kwenye ngazi ya mlangoni akaniita. Aliniuliza, bila ukali, kwa nini nilimwambia dada yangu aseme mbili. Nikamweleza yote: ndoo, kitabu, mfuniko, jibu. Nilidhani namtetea. Nilitaka ajue kwamba dada anajua kila kitu, hata cha kwenye kitabu.

Akamwita Foibe.

"Ulijua wanataka mbili?"

"Nilijua, baba."

"Hukusahau?"

"Sikusahau." Alikuwa amesimama, anachezea ncha ya khanga. "Nilifungua mdomo niseme mbili. Nikakuona wewe na ile chupa tupu unaigeuza. Sikuweza."

Nilingoja baba amkumbatie. Nilikuwa na hakika. Badala yake alitazama chini, na aliponyanyua uso ulikuwa umezeeka.

"Ungesema mbili, mwanangu," akasema. "Mvua isingejua."

Foibe aliingia ndani akaanza kuwasha moto wa ugali, na kwa mara ya kwanza nikaona mtu anaweza kupigwa bila kuguswa. Sikujua aliyepigwa ni yupi kati yao.

Nimelirudia swali lile mara nyingi kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa darasani. Yule mtangazaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kadi, na kadi ilikuwa na jibu moja. Mlima ni mlima hata ukiutazama kutoka Kigoma, na msichana wa bahasha ya bluu hakupendelewa na mtu. Lakini swali la Foibe jibu lake lilitegemea mahali ulipozaliwa, na akaulizwa kwa namna isiyompa nafasi ya kusema amezaliwa wapi. Angeachiwa maneno matano zaidi angekuwa mwalimu leo, au mtaalamu wa hali ya hewa, au angalau angekuwa na haki ya kushindwa kwa kutojua. Baba aliandika barua yake, kurasa mbili. Jibu lilikuja, mistari mitatu, wakishukuru kwa maoni na kukumbusha kwamba uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Walimtumia na kofia ya sabuni. Aliivaa shambani, kwa sababu jua lilikuwa jua.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Foibe alikuwa amefaulu vizuri, na jina lake halikuwemo kwenye orodha ya shule za serikali. Hakuna aliyetaja sabuni. Baba alizunguka kwa watu aliowajua enzi za ofisi, akarudi kila mara na ahadi iliyopungua kidogo. Mavuno yalipoanza kuingia soko la nafaka la Kibaigwa, mfanyabiashara mmoja wa mahindi, anayesali kanisani kwetu, akasema anahitaji karani wa mizani, mtu asiyeiba na anayejua kusoma namba. Baba alisema ni kwa muda tu. Foibe akasema ndiyo, ni kwa muda. Hakurudi darasani. Mimi ndiye niliyekwenda kidato cha tano, na aliyenisomesha ni yeye, na hadi leo akinipigia simu huniuliza nimekula nini, na hatujawahi, hata siku moja, kulizungumza swali lile.

Asubuhi aliyoondoka kulikuwa na baridi. Lori lilikuwa likimngoja barabarani, injini inanguruma. Mama alimfungia viazi vitamu kwenye kitambaa. Baba alimshika mkono kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mtu mzima, akamwambia akipata kazi ya maana atamrudisha shule, na yeye akasema sawa baba, asante baba, kwa sauti nzuri mno. Kisha akaja kitandani kwangu, akanifunika blanketi hadi kidevuni, akaniambia nisiamke, nje kuna upepo.

"Utarudi lini?"

Alifikiri. "Mahindi yakiisha."

Nilitulia. Nilidhani mahindi ya Kibaigwa ni kama yetu ya kwenye debe, kwamba watakuwa wanachota na wanachota, na siku moja mtu atagonga chini ya chombo na kusema basi, limekwisha, mwende nyumbani. Nikamwuliza kama ni mengi. Akasema siyo sana. Akachukua mfuko wake, akapita katikati ya baba na mama bila kumtazama hata mmoja wao, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole hadi ukajifunga.